Blanketi la Hifadhi za Uganda: Jinsi ya Kufuma Miraba Kumi na Miwili

Mtu akiombwa afume mraba wa kuonyesha hifadhi ya Uganda, mkono wake hukimbilia mnyama: uso wa gorila, shingo ya korongo, milia ya punda. Lakini mraba wa sentimita 20 una vitanzi 44 tu kwa upana, na uso wa gorila ukibanwa humo hutoka doa jeusi lenye macho mawili. Ardhi haina tabu hiyo. Mto unaobanwa na mwamba, mlima unaobadilika rangi kadiri unavyopanda, shimo la volkeno lenye maji chini yake: hayo yote ni mistari, ni upana na wembamba, ni ulaini na ukwaruzo, na ufumaji unayaweza vizuri sana. Kwa hiyo katika blanketi hili hakuna mnyama hata mmoja. Kila hifadhi imechaguliwa umbo moja la ardhi yake, na umbo hilo ndilo linalofumwa.

Miraba ni 12: hifadhi zote 10 za taifa zilizo chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, pamoja na Msitu wa Mabira na kinamasi cha Mabamba, ambavyo vinalindwa kwa njia nyingine lakini blanketi la nchi hii bila vyenyewe lingekuwa na pengo. Ukipanga mitatu kwa upana na minne kwa urefu unapata blanketi la sentimita 60 kwa 80, la kumfunika mtoto mchanga. Huku kwetu Mbale, na zaidi ukipanda kuelekea Kapchorwa, usiku wa mvua mtoto analihitaji kwelikweli. Ukitaka la mtu mzima la kufunika magoti, fuma kila mraba mara mbili upange minne kwa sita.

UZI, NA KWA NINI UENDE KWENYE MIVUMBA

Unene unaofaa ni wa kati, ule wa kufumia sweta za wanafunzi. Mraba mmoja hula kama gramu 20 hadi 25, kwa hiyo blanketi zima, pamoja na ukingo, linataka kama gramu 350. Uzi huo utaupata Owino na Kikuubo jijini Kampala, na katika masoko ya miji mingine kwenye vibanda vya vifungo na zipu. Mwingi ni wa akriliki. Ni wa bei nafuu na unafulika bila shida, ila rangi zake ni za shule: buluu ya giza, damu ya mzee, kijani cha chupa, njano kali. Huwezi kufuma nyasi kavu za Kidepo kwa njano ya sweta la shule.

Rangi za ardhi zimejificha kwenye mivumba, yaani nguo za mitumba. Sweta kuukuu la rangi ya kahawa, au la kijivu chenye chembechembe za kijani, likifumuliwa linakupa uzi wa miraba kadhaa, tena mara nyingi wa sufu halisi. Kazi hii ina mpangilio wake.

Kwanza geuza sweta ndani nje utazame maungio ya ubavuni. Kama kingo za vipande ni nzima na zimeshonwa tu kwa uzi mmoja unaopita kwenye vitanzi, linunue. Kama kingo zimekatwa na kuzungushiwa ovaloki, liache hapohapo hata likiwa zuri namna gani, kwa sababu kila mstari umekatwa pande zote mbili, na ukifumua utabaki na vipande vifupi vya uzi vilivyolingana na upana wa sweta.

Pili, pima uzi kwa moto. Chomoa kipande kidogo ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huacha jivu unaloweza kulisaga kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuganda kitone kigumu. Jambo hili lina uzito kwa blanketi la mtoto. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, ilhali sufu huungua polepole na mara nyingi hujizima. Nyumba ambayo sigiri huingizwa chumbani kwa ajili ya joto, ningeifumia kwa sufu tupu.

Tatu, kata uzi wa maungio kwa wembe, taratibu, utenganishe mikono, kola, mbele na nyuma. Sweta nyingi hufumwa kuanzia chini, na kitambaa hufumuka kutokea pale kilipomalizikia, kwa hiyo tafuta mwanzo wa uzi mabegani au shingoni. Ukianzia kwenye pindo la chini utapambana na mafundo bure.

Nne, uzi ukiwa unatoka, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, siyo kwenye bonge. Ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine usije ukavurugika, uuchovye kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, kisha uutundike kivulini ukiwa umening'inizwa chupa ndogo ya maji chini yake. Uzito huo ndio unaonyoosha mikunjo. Ukikauka, sasa zungusha bonge. Uzi ukiwa mwembamba, fuma nyuzi mbili pamoja.

SINDANO

Tumia sindano mbili za milimita 4. Kwenye zile za zamani zimeandikwa namba 8. Ukizikosa, fimbo nyembamba za mianzi zilizokwanguliwa kwa kisu, zikasuguliwa kwa msasa na kupakwa nta ya mshumaa, zinafuma vizuri sana. Mianzi iwe ya kupandwa nyumbani. Ile ya ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon, tunakotoa malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kuliwa, huvunwa kwa makubaliano na Mamlaka. Spoku ya baiskeli ni nyembamba mno kwa blanketi hili, lakini tunza kipande chake kimoja kilichosuguliwa ncha: kitakuwa sindano yako ya tatu pale Murchison.

MISHONO MIWILI

Blanketi zima limejengwa kwa mishono miwili. Wa kwanza nitauita bapa: uzi uko nyuma ya kazi, sindano inaingia kitanzini kwa mbele, na upande unaokutazama unatoka laini, wenye umbo la herufi V. Wa pili nitauita nundu: uzi uko mbele, sindano inaingia kutoka kulia ikielekea mbele, na upande unaokutazama unatoka na kivimbe kidogo cha kulala. Nundu ni mgongo wa bapa. Nikisema "mstari wa uso" ni ule unaofuma ukitazama upande mzuri. "Mstari wa mgongo" ni ule wa kurudi.

Nikisema "rudi kama ulivyo", maana yake kwenye mstari wa mgongo ufume bapa pale unapoona bapa, na nundu pale unapoona nundu.

KIPIMO CHA MKONO

Kabla ya mraba wowote, weka vitanzi 30 sindanoni, fuma bapa kwenye uso na nundu kwenye mgongo mpaka upate kitambaa cha sentimita 12 hivi. Kilaze mezani, weka rula katikati, hesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Viwe 22. Vikiwa 24 unakaza. Chukua sindano nene zaidi kidogo. Vikiwa 20 unalegeza. Chukua nyembamba zaidi.

Usiiruke hatua hii, hasa kama mnafuma kikundi. Anayekaza kwa vitanzi 24 atatoa mraba wa sentimita 18 na kidogo. Anayelegeza kwa vitanzi 20 atatoa wa sentimita 22. Miraba hiyo miwili haikai pamoja kwa sindano wala kwa dua.

MRABA WA MSINGI

Miraba mingi hapa ina mwili mmoja. Weka vitanzi 44. Fuma mistari 6 yote bapa, kwenda na kurudi. Kuanzia hapo, vitanzi 4 vya mwanzo na 4 vya mwisho wa kila mstari ni bapa daima. Huo ndio ukingo, nao unazuia kitambaa kujikunja. Vitanzi 36 vya katikati ndivyo vya mchoro, na mchoro una mistari 48. Malizia kwa mistari 6 ya bapa, ufunge vitanzi. Jumla mistari 60.

Nimechagua 36 kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 9, 12 na 18, kwa hiyo ukitaka kubuni mraba wako wa hifadhi nyingine, karibu kila mchoro utaingia.

ELGON: WA KUANZIA

Kama hujawahi kufuma, anza na huu, maana hauhitaji hata hesabu ya vitanzi. Mlima Elgon ni volkeno ya kale iliyolala kwa upana. Kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, lakini ukiutazama kutoka Mbale huoni ncha, unaona mteremko mrefu unaopanda bila haraka. Mteremko huo unafumwa kutoka kona hadi kona.

Weka vitanzi 3. Kila mstari, kwenda na kurudi, fuma kitanzi cha kwanza mara mbili (mara ya kwanza kwa mbele, na kabla hujakiachia ukifume tena kwa nyuma yake), kisha vyote vilivyobaki bapa. Kazi inapanuka kama pembetatu. Ubavu wake ukifika sentimita 20, geuza mambo: kila mstari fuma vitanzi viwili vya kwanza pamoja, vingine bapa, mpaka vibaki 3. Vifunge.

Rangi: anza na kijani cha migomba, pita kwenye hudhurungi ya kahawa, maana miteremko hii ndiyo ya arabika ya Bugisu, kisha kijani cheusi cha msitu wa hifadhi, umalizie na kijivu cha nyasi za juu.

MURCHISON: MTO UNAOBANWA

Huu ndio mraba ninaoupenda kuliko yote, na ni wa rangi moja tu. Katika Maporomoko ya Murchison, mto Nile, ambao juu yake na chini yake ni mpana, unasukumwa kupita kwenye mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha unaanguka zaidi ya mita 40. Watu hufuma maporomoko kwa uzi mweupe unaoning'inia. Lakini cha ajabu pale ni kule kubanwa kwenyewe, na kubanwa kunafumika: maji ni bapa, mwamba ni nundu.

Fuma msingi kwa uzi wa kijivu chenye ubuluu. Mchoro wa vitanzi 36 unaenda hivi.

Mistari 16 ya kwanza, mwamba unaingia. Mstari wa uso wa kwanza: nundu 2, bapa 32, nundu 2. Rudi kama ulivyo. Uso wa pili: nundu 4, bapa 28, nundu 4. Endelea kuongeza nundu mbili kila upande kwenye kila mstari wa uso, mpaka uso wa nane: nundu 16, bapa 4, nundu 16.

Mistari 16 inayofuata, mwanya. Maji yamebaki vitanzi 4, nayo hayapiti kwa utulivu, kwa hiyo yasokote. Kwenye mstari wa 3, wa 7, wa 11 na wa 15 wa sehemu hii, ukifika kwenye vile vitanzi 4, hamishia viwili vya kwanza kwenye kipande chako cha spoku ukiache mbele ya kazi, fuma bapa viwili vinavyofuata, kisha rudi ufume vile viwili vya kwenye spoku. Msokoto unajitokeza wenyewe. Mistari mingine ya sehemu hii fuma nundu 16, bapa 4, nundu 16, na kurudi kama ulivyo.

Mistari 16 ya mwisho, mwamba unaachia. Uso wa kwanza: nundu 14, bapa 8, nundu 14, halafu 12, 12, 12, na kuendelea mpaka uso wa nane uwe bapa tupu.

Nundu husonga mbele na bapa huzama, au kinyume chake, kulingana na zimekaa vipi. Hapa utaona msokoto umesimama juu ya mwamba. Usiongeze nyeupe. Nguvu yote ya mraba huu iko kwenye umbo, na rangi ya pili huivuruga.

RWENZORI: MSTARI MMOJA, MITA SABINI

Rwenzori ni hadithi ya kupanda. Hifadhi inaanzia kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na kilele cha Margherita kina mita 5,109. Katikati hapo mimea hubadilika kwa tabaka. Mistari 48 ikigawiwa mwinuko wote huo, kila mstari unabeba takribani mita 70, kwa hiyo mraba huu unaweza kufumwa kwa kipimo cha kweli. Fuma msingi, bapa usoni na nundu mgongoni, ukibadili rangi hivi:

Mistari 10 ya kijani cheusi, msitu wa mlimani. Mistari 8 ya kijani cha njano, mianzi. Mistari 12 ya kijani kilichofifia chenye ukijivu, ukanda wa miti ya erika iliyofunikwa kuvumwani. Mistari 10 ya rangi ya zeituni, mabonde ya lobelia na senesio kubwa, zile zinazomzidi mtu kimo. Mistari 4 ya kijivu cha mwamba. Mistari 4 ya nyeupe.

Kuhusu nyeupe hiyo. Watu wa kwanza kurekodiwa kufika Margherita walifika mwaka 1906, na tangu wakati huo barafu ya Rwenzori imeyeyuka hata ikabaki sehemu ndogo sana ya ilivyokuwa. Anayefuma mraba huu leo kwa mistari 12 ya theluji anafuma mlima wa babu zake. Mimi naacha minne, na hata hiyo ni ukarimu. Kama una mtoto anayejifunza kufuma kando yako, mweleze kwa nini ni minne.

Mahali rangi zinapobadilika, usifunge fundo kubwa. Acha mikia ya sentimita 10 ya nyuzi zote mbili, uipenyeze mgongoni kwa sindano ya kushonea baadaye.

QUEEN ELIZABETH: SHIMO LA VOLKENO

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, ikabadilishwa jina mwaka 1954. Wengi huikumbuka kwa simba wa Ishasha wanaopanda miti. Mimi naichukua kwa mashimo yake ya volkeno: ukisimama kwenye ukingo wa moja unaona nyasi, chini yake vichaka, na chini kabisa ziwa. Tabaka zinazozunguka kituo kimoja, ndiyo kazi yetu hapa.

Mraba huu haufuati msingi. Unafuma vimraba vinne vya sentimita 10, kila kimoja hivi. Weka vitanzi 45 kwa rangi ya nyasi kavu. Mstari wa uso: fuma bapa 21, hamisha kitanzi kimoja bila kukifuma, fuma viwili vinavyofuata pamoja, kisha kivute kile ulichokihamisha kipite juu ya hicho ulichofuma na kuanguka, malizia bapa 21. Vimebaki 43. Mstari wa mgongo: bapa vyote. Uso unaofuata: bapa 20, punguza vilevile katikati, bapa 20. Kila uso unapungukiwa vitanzi viwili, na kazi inajikunja yenyewe kuwa pembe.

Mistari 16 ya kwanza nyasi, 12 inayofuata kijani cha vichaka, iliyobaki buluu. Vitanzi vikibaki 3, punguza mara ya mwisho, kata uzi, uupitishe kwenye kitanzi cha mwisho ukaze.

Vimraba vinne vikiisha, viunganishe kona za buluu zikutane katikati. Ukitaka ziwe Katwe, kule wachimba chumvi wanakofanyia kazi, badala ya buluu weka nyeupe yenye waridi kwa mbali.

MGAHINGA: VILELE VITATU

Msingi wa rangi moja, anga ni bapa, milima ni nundu. Ukiwa Kisoro ukitazama kusini, Sabinyo iko kulia, Gahinga katikati, Muhavura kushoto. Kwa bahati njema, mstari wa uso hufumwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo vitanzi 12 vya kwanza ni Sabinyo, 12 vya kati Gahinga, 12 vya mwisho Muhavura.

Fuma mistari 12 bapa usoni na nundu mgongoni. Kisha anza milima: vitanzi vyote 36 nundu. Gahinga inapungua nundu moja kila upande kwa kila mstari wa uso: 12, 10, 8, 6, 4, 2, kisha bapa. Sabinyo hivyohivyo mpaka 4, halafu uso unaofuata fuma nundu 1, bapa 2, nundu 1, upate meno mawili yaliyovunjika. Kileleni pale ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Muhavura, wenye mita 4,127, unapungua polepole, kila baada ya mistari minne, ufike mara mbili ya Gahinga. Nimeutia chumvi urefu makusudi, kwa sababu ndivyo unavyomtawala mtu akiwa chini yake. Mistari iliyobaki ni anga.

MISITU MITATU

Bwindi, Kibale na Mabira zote ni kijani. Usipokuwa makini utakuwa na miraba mitatu inayofanana, na kwa kweli misitu hii haifanani hata kidogo.

Bwindi ni msongamano. Chukua kijani mbili za giza, ubadilishe kila baada ya mistari miwili, na ufume bapa 1, nundu 1 kwa mstari mzima. Mstari unaofuata weka nundu juu ya kila bapa na bapa juu ya kila nundu. Jicho halipati njia ya kupita. Mshono huu hukaa mfupi, kwa hiyo ongeza mistari mpaka sentimita 20 itimie.

Kibale, yenye aina 13 za nyani, kima na jamaa zao, ni miti mirefu inayosimama wima. Bapa 5, nundu 1, rudia mara 6, rudi kama ulivyo, kwa mistari 32. Mistari 16 ya juu fuma kama Bwindi, iwe majani.

Mabira ni msitu unaokatwa na barabara ya Kampala kwenda Jinja, na barabara hiyo lazima ionekane. Bapa 4, nundu 4 kwa mistari 4, kisha zibadilishane nafasi kwa mistari 4, kama mkeka. Baada ya mistari 20 ya kijani weka mistari 4 ya kijivu cha lami, yote bapa kwenda na kurudi, halafu rudi kwenye kijani kwa 24. Mwaka 2007 watu waliingia barabarani Kampala kupinga sehemu ya msitu huu kupewa kilimo cha miwa, na msitu bado upo. Kwa hiyo kijani ya pande zote mbili za lami iwe ileile, isiyopungua.

MINNE ILIYOBAKI

Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria upande wa Entebbe, kilichoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu muhimu duniani: mistari 8 ya buluu nyeusi bapa, kisha 26 ya bapa 2, nundu 4 kwa kijani, iwe mabua ya mafunjo, na 14 ya juu kwa mshono wa Bwindi, rangi ya majani makavu. Korongo domo-kiatu yumo humo ndani. Amejificha, kama kawaida yake.

Kidepo: mto wa Kidepo hukaa mkavu sehemu kubwa ya mwaka, ukabaki ukanda wa mchanga kati ya nyasi. Mistari 20 ya dhahabu iliyofifia bapa, ukiweka nundu moja kila baada ya vitanzi 5 kwenye kila mstari wa pili wa uso. Mistari 8 ya rangi ya mchanga, nundu usoni. Kisha 20 ya dhahabu tena. Rangi ya sweta la mivumba ndiyo pekee inayofaa hapa.

Semuliki: kijani cheusi bapa, na katikati matone tisa meupe yaliyotawanyika, kwa ajili ya chemchemi za Sempaya ambazo maji yake huivisha yai. Tone moja: kwa uzi mweupe fuma kitanzi kimoja mara tano, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, kisha vuta vinne vya kwanza vipite juu ya cha tano.

Ziwa Mburo: hapa kishawishi cha punda milia ni kikubwa kuliko kwingine. Fuma mawimbi. Mstari wa 1 bapa. Wa 2 nundu. Wa 3: vitanzi viwili pamoja mara 3, kisha zungusha uzi juu ya sindano na ufume bapa 1, mara 6, kisha viwili pamoja mara 3, rudia yote mara ya pili. Wa 4 bapa. Rudia mistari hii minne mara 12.

KUNYOOSHA NA KUUNGA

Miraba ikitoka sindanoni haitalingana, na hiyo ni kawaida. Chora mraba wa sentimita 20 kwenye boksi lililokunjuliwa. Lowesha kila mraba, ukamue ndani ya taulo bila kuusokota, uubane kwa pini juu ya mchoro, uuache ukauke kabisa. Akriliki usiipige pasi. Joto huilegeza na hairudi tena.

Panga kwa kufuata ramani. Safu ya juu: Murchison, Kidepo, Elgon. Ya pili: Semuliki, Kibale, Mabira. Ya tatu: Rwenzori, Queen Elizabeth, Mabamba. Ya chini: Mgahinga, Bwindi, Mburo. Magharibi yetu imejaa hifadhi kuliko mashariki, kwa hiyo baadhi zimesogezwa kidogo.

Unga kwa uzi mmoja wa kijivu cheusi, blanketi zima. Weka miraba miwili uso kwa uso, shona ukipitisha sindano kwenye kitanzi kimoja kimoja cha ukingo wa kila upande, bila kukaza. Unga safu kwanza, kisha safu kwa safu. Ukingo wa nje piga kroshia mizunguko miwili, ukiweka mishono mitatu ndani ya tundu moja kila ukifika kona, la sivyo kona zitajikunja.

Kama umechanganya miraba ya sufu na ya akriliki, lifue lote kama sufu: maji baridi, sabuni kidogo, kubonyeza bila kusugua, maana sufu ikisuguliwa husinyaa na kuvuta miraba ya jirani. Likaushe limelazwa juu ya mkeka kivulini. Kambani uzito wa maji utalivuta, na Rwenzori itarefuka kuliko ilivyo.